Mbwa mwitu ndani ya bakuli

Jumapili iliyopita, kama saa nne usiku, mbwa mwitu alitokea.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya jikoni, taa nimeiinamisha mpaka karibu na vidole, miwani ya kukuzia usoni, mkononi nina kijiti cha kuchokolea meno nilichokichonga ncha kwa wembe. Chini ya kijiti ni sarafu ya shaba ya Kirumi, upana wake milimita 17, ukucha wa kidole gumba unaifunika yote. Ilikuwa wiki ya saba naihangaikia. Kwanza ukajitokeza mguu mmoja mwembamba, nikadhani ni wa askari, maana sarafu nyingi za enzi hizo zina askari. Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu, nikasimamisha mkono. Askari gani ana miguu mitatu? Nikairudisha kwenye bakuli la maji, nikanywa chai, nikaitoa tena. Tumbo likaonekana, na chini ya tumbo vichwa viwili vidogo kama punje za ufuta, vimetazama juu. Ni watoto. Wananyonya.

Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, na nyumba nzima imelala.

Huyo ni mbwa mwitu jike ambaye Warumi walisimuliana kwamba aliwanyonyesha Romulus na Remus, mapacha waliotupwa mtoni, mpaka wakakua na mmoja wao akaujenga mji wa Roma. Juu ya mgongo wake kuna nyota mbili. Upande wa pili kuna kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya chuma, na maandishi VRBS ROMA, yaani Mji wa Roma. Sura ya mfalme haimo kabisa. Chini ya miguu ya mnyama zipo herufi tatu ambazo nilizipata Jumatatu baada ya kazi: TRP. TR ni Trier, mji ulioko leo Ujerumani karibu na mpaka wa Luxemburg, na P ni karakana ya kwanza ya mji huo. Constantine, mfalme wa Roma, alianza kuzitoa sarafu hizi mwaka 330, mwaka uleule aliozindua mji wake mpya wa Constantinople, Istanbul ya leo. Alizitoa kwa jozi, moja ya mji mkongwe na moja ya mji mpya. Ile ya Constantinople ina Ushindi, mungu wao wa kike mwenye mbawa, amesimama kwenye omo la meli. Hiyo bado sijaipata, na naitamani.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua naishi Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kwamba kazi yangu ni kusafisha vifaa vya upasuaji katika hospitali. Mikasi, koleo, visu, vishikio vya sindano. Mwaka wa 14 huu. Kazi hii imenifundisha kwamba uchafu unaoonekana si tatizo, tatizo ni ule uliojificha kwenye bawaba ya mkasi. Imenifundisha pia kutofanya haraka na kitu kidogo. Lakini sikuwahi kufikiri maarifa hayo yatanifikisha kwa Constantine.

Aliyenifikisha ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ni mgane, watoto wake wako mbali, na mimi kila Idi humpelekea vitumbua. Kwa miaka mingi amekuwa akitembea mashambani na kifaa cha kutambulia metali, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Sasa vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika kitu chembamba. Mwaka jana alinipa kikopo cha plastiki kilichokuwa cha aisikrimu, ndani yake vibonge tisa vya udongo mgumu. Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba mimi nina mikono na yeye hana tena.

Niliuliza kwanza kama ni halali, na naliandika hili kwa sababu najua wengine mtauliza. Uingereza kuna sheria ya hazina ya mwaka 1996. Ukikuta mahali pamoja sarafu kumi au zaidi za shaba zenye umri wa zaidi ya miaka 300, hiyo ni hazina, lazima uitangaze. Sarafu moja moja iliyodondoka shambani haimo humo. Hata hivyo mzee kila alichookota alikipeleka kwa afisa anayeandikisha vitu vya kale vya mkoa, na hivi tisa vimetoka mashamba tofauti, kila kimoja na kikaratasi chake. Vikaratasi hivyo nimevihifadhi. Sarafu bila mahali ilipotoka ni kama mtu asiyejua kwao. Mtandaoni huuzwa mafungu ya sarafu chafu za Kirumi, mia kwa mara moja, na muuzaji hasemi zimetoka wapi. Mimi sinunui hata moja. Najua mashimo usiku huchimbwa wapi, na huchimbwa na nani, nchi inapokuwa vitani.

Ya kwanza niliiua mwenyewe.

Kwetu Tanga, sinia la shaba husafishwa kwa ndimu na majivu. Mama alikuwa akituweka uani siku mbili kabla ya Idi, mimi na dada zangu, tunasugua mpaka sinia linang'aa kama jua. Basi nilipokiona kile kibonge cha kijani nikafanya nijualo, nikakamua ndimu. Baada ya saa chache udongo ulikuwa umekwisha na kijani kimekwisha, na sura ya mfalme imekwisha pia. Kilichobaki ni kipande cha shaba chekundu chenye vishimo, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Nililia, sioni haya kusema. Nilikuja kuelewa baadaye: shaba ikikaa ardhini miaka 1,700, juu yake hujengeka ngozi laini ya kijani, na mara nyingi pua, sikio na herufi zimebaki ndani ya ngozi hiyo, si kwenye metali iliyo chini yake. Ukiitoa ngozi umeutoa uso. Sarafu ile naiweka kwenye dirisha la jikoni, mbele ya macho yangu.

Tangu hapo natumia maji yaliyotoneshwa tu, yasiyo na chumvi, nayabadilisha kila wiki. Mswaki laini wa mtoto. Kijiti. Mwiba wa mwaridi pale penye kona. Nikiona vumbi la kijani mpauko linarudi kila nikilifuta, najua ni ule ugonjwa wa shaba, chumvi iliyoingia ndani inafanya kazi pamoja na unyevu, na nisipoitibu itakula sarafu yote. Zilizokauka nazifungia kwenye kisanduku pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Sasa niwaambie kitu ambacho mizani ilinionyesha. Ninayo mizani ndogo ya kupimia dhahabu, niliinunua kwa ajili ya zafarani. Mbwa mwitu wangu ana gramu 2.4. Sarafu ya nne niliyosafisha ina askari wawili wametazamana, mikuki mkononi, ngao chini, na katikati yao bendera mbili za jeshi. Maandishi yake ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hiyo nayo ina gramu 2 na ushee. Sarafu ya sita ni hiyohiyo, askari haohao, maneno hayohayo, ila katikati yao bendera ni moja. Ina gramu 1.5. Ukiziweka pamoja kwenye kiganja utadhani ni mama na mtoto.

Bendera ya pili ilikwenda wapi? Iliondolewa karibu mwaka 335, kwa sababu sarafu ilipunguzwa na nafasi haikutosha. Kutoka ratili ileile moja ya shaba serikali ikakata vipande vingi zaidi, kikiwa kimoja kina thamani ileile mdomoni mwa serikali. Askari wakasogezwa, bendera moja ikatolewa, na utukufu wa jeshi ukabaki maandishi yaleyale. Mwaka 294 hivi, mfalme Diocletian alipoanzisha sarafu mpya ya shaba, ilikuwa na gramu kama 10 na juu yake imepakwa fedha nyembamba ili ing'ae. Miaka 40 tu baadaye ni gramu moja na nusu. Kuelekea mwisho wa karne hiyo zipo za gramu moja, na zilizofuata karne ya tano ni vipunje, ukipiga chafya zinaruka.

Ndiyo maana ni nyingi hivi. Katika jumba la makumbusho la Exeter, RAMM, kuna hazina ya Seaton Down, iliyopatikana mwaka 2013 kwenye pwani ya Devon, si mbali na hapa. Sarafu 22,888. Nilikwenda na mzee, nikiwa nimeshika mkono wake kwenye ngazi. Za mwisho kabisa ni za mwaka 348, na nyingi ni za aina hizi zangu, mbwa mwitu, askari, bendera. Mtu alichimba shimo, akazimimina, hakurudi. Nilisimama nikiwaza ni tajiri gani huyu. Kisha nikasoma kwamba zote kwa pamoja thamani yake ilikadiriwa kuwa kama sarafu nne tu za dhahabu. Nne! Elfu 22 na ziada, mzigo wa kumvunja mtu mgongo, kwa vipande vinne ambavyo angeviweka kwenye soksi. Na mambo yaliendelea kuharibika. Ipo sheria ya mwaka 445, wakati wa mfalme Valentinian wa Tatu, inayowaamuru wabadilisha fedha wasiinunue dhahabu moja chini ya vipunje 7,000 vya shaba.

Mzee aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Sikuweza kumweleza pale pale. Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Baba alikuwa na duka Ngamiani, barabara ya nane. Duka dogo, kaunta ya mbao, mizani ya mawe, kopo la ubuyu kwa ajili ya watoto. Nilikuwa na miaka kumi mwaka 1983. Wa umri wangu mnakumbuka. Bei za serikali zimebandikwa ukutani na sukari haipo, sabuni haipo, na ikipatikana ni kwa foleni ya alfajiri. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, watu waliogopa hata kuwa na mifuko miwili ya sukari kwa sababu ukiulizwa umeipata wapi utasema nini? Baba alifunga duka karibu mwezi mzima. Alipofungua, rafu zilikuwa tupu, akawa anauza viberiti na chumvi. Akawaza kujikwamua. Akakusanya alichonacho, akauza na bangili za mama, akampa mfanyabiashara mmoja wa jumla pesa za mzigo, kabla ya mzigo. Mzigo haukuja. Alikwenda kudai kwa miaka mitatu. Mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani, na hata kama yule mtu angelipa zile zile, zisingenunua robo ya mzigo.

Mtaani wakasema neno moja. Hawakulisema mbele yetu, lakini watoto husikia. "Kafilisika."

Basi nilipoanza kusoma habari za sarafu zangu, nikafika kwenye tangazo la bei la Diocletian la mwaka 301, sikulala. Aliamuru bei za juu kabisa za vitu zaidi ya elfu moja, zikachongwa kwenye mawe na kusimamishwa mijini. Vipande vyake vipo mpaka leo, kwa mfano Aphrodisias huko Uturuki. Mayai manne, dinari 4. Kinyozi, dinari 2 kwa kichwa. Kibarua wa shamba, dinari 25 kwa siku na chakula juu. Anayezidisha, kifo. Lactantius, mwandishi aliyeishi wakati huohuo na ambaye alimchukia sana Diocletian, anasema damu ilimwagika kwa vitu vya bei ndogo, watu kwa hofu wakaacha kuleta chochote sokoni, bei zikapanda kuliko mwanzo, na mwishowe sheria ikajifia. Nilisoma sehemu ile nikiiona kaunta ya baba. Najua wakati wetu na wakati wao ni mbalimbali, sisemi ni kitu kimoja. Ila mwenye duka wa Aphrodisias aliyesimama mbele ya jiwe lile na rafu tupu nyuma yake, huyo namjua.

Kuna sarafu moja katika zile tisa ninayoipenda karibu kama mbwa mwitu, nayo ni bandia. Ni ndogo, milimita 12. Askari wake wawili ni vijiti, kama mtoto amechora kwa mkaa. Pembeni panapotakiwa kuwa na maneno pana mistari na viduara, aliyechonga hakujua kusoma, aliiga umbo la herufi tu. Zilitengenezwa nyingi sana hapa Uingereza katika miaka ya 340 na 350. Karakana ya London ilikuwa imefungwa tangu mwaka 325, shaba nyingi ilitegemewa kutoka Trier ng'ambo ya bahari, na mzigo wa Trier ulipopungua watu wakabaki bila chenji. Ukienda dukani leo nyumbani unapewa peremende badala ya chenji, umekasirika kidogo umeondoka. Hawa walikuwa na soko zima lisilo na chenji. Wakakata vipande vya shaba, wakachonga chapa zao mbili, ya chini na ya juu, wakaweka kipande katikati, nyundo ikashuka. Serikali iliita uhalifu. Mimi nikiishika nahisi mtu aliyetaka kununua mkate na mtu aliyetaka kuuza.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike leo.

Sarafu hizi wataalamu wa leo huziita *nummus*, lakini jina lililoenea kwa watu wa makumbusho na wakusanyaji ni *follis*. Kwa Kilatini neno hilo ni mfuko wa ngozi. Mwanzoni lilikuwa mfuko uliofungwa na kupigwa lakiri, umejaa sarafu, maana nani angekaa kuhesabu elfu elfu. Baadaye jina la mfuko likahamia kwenye sarafu. Mwaka 498 mfalme Anastasius huko Constantinople, baada ya kuona vipunje vimekuwa kero, akatoa sarafu kubwa ya shaba yenye herufi M, ambayo kwa Kigiriki ni 40, kwa sababu ilikuwa sawa na vipunje 40. Hiyo ndiyo *follis* iliyojaa masoko ya Sham na Misri. Waarabu walipozitwaa nchi hizo karne ya saba waliikuta, wakaendelea nayo, wakapiga na zao. Wakaiita fals. Zikiwa nyingi, fulus.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Fulusi! Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisema hivyo: "Sina fulusi mjukuu wangu, baba yako akirudi." Nilidhani ni neno la bibi tu.

Nikampigia simu ami yangu Tanga, mdogo wake baba, ambaye amefundisha madrasa zaidi ya miaka 40.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Kwema? Usiku huu?"

"Kwema ami. Nina swali la Kiarabu. Kufilisika kumetokana na nini?"

Alinyamaza kidogo. Nadhani aliogopa limenikuta mimi. Kisha akasema, "Aflasa. Fa, lam, sin. Ni fulusi hiyohiyo. Wajuzi wa lugha wanasema ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha, akaporomoka mpaka akabaki na fulusi peke yake, shaba tupu. Ndiye muflisi."

Nikamweleza kwamba fals imetoka kwa Warumi, na kwamba kimojawapo cha vitu vile ninacho mezani. Akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamsomea, herufi kwa herufi, Urbs Roma.

"Rum," akasema. "Ghulibatir-Rum." Ni mwanzo wa sura ya 30, inayowataja Warumi walioshindwa katika ardhi ya karibu, na kwamba watashinda tena. Nilihifadhi sura hiyo kwa ami huyuhuyu, nimekaa kwenye mkeka wake, nikiwa sijui Rum ni akina nani. Hao Rum wa kwenye sura, wakipigana na Waajemi, mifukoni mwao walikuwa na shaba za Constantinople.

Kisha ami akasema jambo ambalo sikumuuliza. "Baba yako alikuwa akiumia sana na neno lile. Mimi nilimwambia siku moja tumekaa pale kibarazani. Nilimkumbusha hadithi. Mtume aliwauliza masahaba, mnamjua muflisi ni nani? Wakasema, ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia, muflisi katika umma wangu ni atakayekuja Siku ya Kiyama na swala zake na saumu zake na zaka zake, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu, na mema yake yatachukuliwa wapewe wao mpaka yaishe. Nikamwambia, kaka, muflisi si wewe. Muflisi ni yule."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Lakini jioni ile alikula."

Baba amefariki mwaka wa tisa sasa. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hii. Miaka yote hiyo neno lile lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kumbe lilikuwa limeshatolewa, kibarazani, na mdogo wake, kwa hadithi ambayo mimi mwenyewe naijua kwa moyo.

Ami, akiwa ami, hakuishia hapo. Akanikumbusha kwamba fulusi zilifika mpaka kwetu na zikapigwa kwetu. Kilwa masultani walipiga sarafu za shaba, ndogo nyembamba, na maneno ya Kiarabu yenye vina, mstari wa upande mmoja unaitikia wa upande wa pili, upande mmoja tegemeo kwa Mola, upande wa pili jina la sultani. Ali bin al-Hasan, kwa mfano. Shaba yenye shairi! Warumi na majeshi yao yote hawakufika hapo. Mjerumani naye alipokuja akaleta heller, sisi tukaifanya hela, na pesa tulishaitoa Bara Hindi kabla yake. Dinari kwa upande wake ni *denarius* ya Roma iliyopita mkononi mwa Mwarabu. Kila aliyetupitia alituachia jina la chenji yake.

Mwaka juzi mama alinipa kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kaunta ya baba. Ndani kuna sarafu za Tanzania za zamani, senti tano zenye samaki, senti ishirini zenye mbuni, senti hamsini zenye sungura, na shilingi zile za mwenge tulizokuwa tukirusha juu, kichwa au mwenge. Hazinunui chochote tangu zamani. Nilipolifungua usiku ule baada ya simu, nikakuta chini kabisa kikaratasi cha baba, hesabu ya madeni ya wateja, majina na kiasi, na pembeni ya majina karibu yote ameandika kwa penseli, *nimesamehe*. Jina la yule mfanyabiashara wa jumla halimo kwenye karatasi ile. Sijui nifikiri nini kuhusu hilo na sitalazimisha.

Nimepima sungura mmoja kwenye mizani ya zafarani. Gramu nne. Nimemweka kwenye kisanduku pamoja na mbwa mwitu, kila mmoja kwenye kipango chake, na kikaratasi: *Ngamiani, barabara ya nane, chini ya kaunta.*

Mzee wa jirani nilimpelekea mbwa mwitu Jumanne akamwone. Nilimvalisha miwani yangu ya kukuzia. Alitazama muda mrefu, kisha akaniambia siku aliyoiokota: mvua, shamba la viazi lililolimwa karibuni, alikuwa na mkewe, na mkewe alitaka warudi nyumbani. Akakataa niliposema airudishe kwake. Tumekubaliana zote tisa zikikamilika tutazipeleka RAMM tuwaulize kama wanazitaka, na vikaratasi vyake.

Imebaki ya tisa. Ni kubwa kidogo kuliko wenzake, imekaa majini tangu mwezi wa kwanza na udongo wake ni mgumu kama saruji. Asubuhi hii kabla ya zamu nimebadilisha maji, nikaona chini ya bakuli vumbi jepesi la kahawia, na pembeni ya sarafu mstari uliopinda. Inaweza kuwa mkia wa farasi. Kuna sarafu za baada ya mwaka 348 zenye askari anamchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka, na maandishi yake yanasema siku njema zimerejea. Nimeizima taa, nimekwenda kazini.